Kibaba cha Enesi

Juzi nilikuwa kwenye mashine ya kusaga katika mji mdogo wa Mpemba, nimekaa na debe langu la mahindi, mjukuu wangu amesimama pembeni anachezea simu. Mbele yetu kijana mmoja akamimina ngano. Vumbi likatoka. Wewe mwenye rika langu unalijua vumbi la ngano. Halina uzito kama la mahindi, linapanda taratibu na lina utamu fulani, kama harufu ya mkate ambao bado haujawa mkate. Nikainuka. Nikamwambia mjukuu, chukua debe, tunaondoka.

"Bibi, si zamu yetu ndiyo inafuata?"

"Ndiyo maana tunaondoka."

Alibeba akinung'unika mpaka barabarani. Vijana wa siku hizi wanalo jina la kitu hicho. Wanakiita gluteni, wanakisoma kwenye simu na nyuma ya pakiti za biskuti zinazovushwa kutoka Zambia. Sisi hatukuwa na jina. Tulikuwa na mdogo wangu Enesi, tumbo limemvimba, miguu imekonda hadi magoti yanaonekana makubwa kuliko mapaja. Sikusoma sana, lakini yale niliyaona kwa macho yangu, na nitayasema kama nilivyoyaona.

Kwetu ni juu kule Mbozi, ukipandisha kutoka Vwawa. Baba alikuwa Mnyiha, ana kahawa yake, mahindi yake na kipande cha ulezi. Mama alikuwa Mndali, ameolewa kutoka upande wa Isongole, na watu wote pale kijijini walimwita hivyo hivyo, Mndali, miaka yote, hata baada ya kuzaa. Kwao walilima ngano milimani, na kila wakivuna, wajomba zangu walituletea. Kwa hiyo nyumbani kwetu njaa haikuwepo. Lisahau lingine lolote lakini hilo lishike, kwa sababu mtoto aliyekonda katika nyumba yenye chakula watu wanamtazama kwa namna yake.

Enesi alizaliwa mnene. Alipokuwa ananyonya alikuwa na vishimo kwenye viwiko. Akaanzishiwa uji wa ngano wenye maziwa, uji wa watoto wa wajomba, ule unaosemwa unatia nguvu. Tangu hapo akaanza kupungua. Mama akaongeza uji. Enesi akazidi kupungua. Nasema wazi, kila aliyelea mtoto ataelewa: choo chake kilikuwa kingi, cheupe, kinang'aa mafuta, na harufu yake ilibaki ndani hata ukifungua mlango. Nywele zikawa nyepesi na nyekundu. Akaacha kulia. Mtoto akiacha kulia watu wazima wanafurahi kwanza, halafu wanaanza kuogopa.

Jirani yetu Mama Tabu alikuwa akija kila asubuhi kuomba moto na kuondoka na habari. Siku moja alisimama mlangoni akamtazama Enesi kwa muda.

"Mndali, huyu mtoto unamnyima?"

"Nimnyime nini? Anakula kuliko baba yake."

"Basi kuna anayekula kabla yake."

Mimi nilikuwa nimekaa jikoni nachambua maharage, na maneno yale yakaniingia kama yalivyo. Kuanzia siku hiyo kila Enesi alipowekewa bakuli nilikuwa nakaa karibu nalitazama, nione ni nani anakuja kula kwanza. Nilitazama chini ya kinu, nyuma ya mlango, kwenye moshi. Sikuona mtu. Niliona uji unapungua tu, kijiko kwa kijiko, na nikadhani huyo anayekula ni hodari wa kujificha.

Baba alimpeleka Enesi hospitali ya misheni akiwa amembeba mgongoni kama mwanamke abebavyo mtoto, na hakujali nani anamcheka. Mama alibaki naye kule muda mrefu. Kule walimlisha ndizi, viazi, mayai, maharage na uji wa ulezi mtupu. Waliporudi, Enesi alikuwa anatembea mwenyewe akiwa ameshika khanga ya mama. Alikuwa amerudisha mashavu. Mama aliketi, akanywa maji, akamweleza baba alichoambiwa na muuguzi.

"Ni ngano. Asiiguse. Mkate, andazi, chapati, uji wa kwetu, vyote. Hata vumbi lake."

"Vumbi?" baba akauliza.

"Na mimi niliuliza hivyo hivyo. Akasema vumbi."

Baba akacheka kidogo. Mama hakucheka. Kesho yake akaanza kutoa vitu nje.

Alitoa mfuko wa ngano, akawapa watu. Akatoa ungo wa kupepetea, kinu na mchi wake, mwiko, bakuli la Enesi, na mkeka uliokuwa unaanikiwa unga. Alivyoweza kuviosha aliviosha kwa majivu na maji ya moto. Alivyoshindwa alivichoma kule chini karibu na migomba, ungo wake mzuri aliokuja nao kutoka kwao ukiwemo. Sasa kwetu mtu akifa, vitu vyake ndivyo hutolewa nje hivyo, mkeka na bakuli kwanza. Nilisimama pale moshi ukinipiga usoni, nikajua: mdogo wangu ameshakufa, wanangoja tu kutuambia. Niliingia ndani nikamkuta amelala upande, anatazama ukuta.

"Enesi, umekufa?"

"Bado," akasema.

Alikuwa mdogo, hakujua anachojibu. Lakini nililichukua jibu hilo kama habari rasmi, nikatembea nalo.

Kwa kitambo kidogo aliendelea vizuri. Halafu ule ugonjwa ukarudi. Tumbo likajaa tena, choo kikawa kilekile, akarudi kulala na kutazama ukuta. Baba akasema kule hospitali wamekosea, kuna jambo jingine hapa, na akataja jina la mtu mmoja wa ng'ambo ya mto anayetazama mambo kama hayo. Mama akamwambia:

"Kule alipona. Hapa haponi. Basi kitu kiko hapa."

"Ngano haimo humu ndani. Umechoma mpaka ungo."

"Kipo. Nitakitafuta."

Nilimwona mama yangu akigeuka mtu mwingine. Alikuwa akinusa masufuria. Alipitisha kidole kwenye nyufa za meza akakilamba. Alimkagua Enesi mikono akitoka nje, akamfungua kinywa na kumnusa pumzi kama anayemnusa mlevi. Kwa Mama Tabu aligundua kuwa viazi alivyokuwa akipewa Enesi vilikaangwa kwenye mafuta yaleyale ya maandazi. Akaenda akamwambia. Kanisani aligundua kuwa akina mama walikuwa wakimpa Enesi vipande vya mkate wakati yeye anaimba kwaya, wanamfichia kiganjani kwa huruma, wanasema kale kamekonda, mama yake ni mkali. Nao akawaambia.

Huwezi kuwaambia watu hivyo bure. Kwetu ukikataa chakula cha mtu umemwita mchawi, hata kama hukulitamka neno. Mama Tabu aliacha kuja kuomba moto. Kwenye kwaya mama alibaki amesimama pembeni, na nafasi kati yake na mwenzake ilikuwa ya mtu mzima kupita.

Na bado Enesi alikuwa anaugua.

Nikueleze sasa habari za mashine. Ilikuwepo moja tu pale karibu, ya Mzee Nzowa, injini ya dizeli inayopiga kelele hadi ng'ambo ya mto. Mzee Nzowa alikuwa mtu mwema, mnene, nyusi nyeupe kwa unga, na alikuwa na desturi ambayo kijiji kizima kiliiheshimu: mwenye mgonjwa nyumbani hapangi foleni. Ukifika ukiwa na mgonjwa, hata kama kuna wanawake wamekaa tangu alfajiri, atapaza sauti juu ya injini, "Mpisheni mwenye mgonjwa," na watapisha. Kwa hiyo sisi tulikuwa wa kwanza kila mara. Mama alishukuru kwa kupiga magoti. Naye kwa uangalifu wake, kabla ya mahindi yetu, alikuwa anamimina kwanza ulezi wa Enesi, kibaba kimoja peke yake, usichanganyike na kitu cha mtu yeyote. Unga ukitoka anaufunga kwenye kitambaa chake, anauweka kifuani. Kisha ndipo tunasaga ya watu wengine wa nyumbani.

Njiani, tukiwa tunaenda, tulikuwa tunapishana na mke wa Mzee Nzowa. Anarudi nyumbani na beseni kichwani, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anapika maandazi ya kuuza Vwawa stendi. "Mnaenda, wanangu?" anatuuliza. "Tunaenda, shikamoo." "Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?" "Hivyohivyo." Kila mara hivyo.

Mama aliona kwanza jambo moja: kibaba kikiisha, Enesi akabaki anakula ndizi na viazi, anaanza kucheka. Kikisagwa kingine, analala. Siku hiyo alikuwa amekaa kizingitini, amefungua kile kitambaa mapajani. Ulezi wa kwetu ni mwekundu, na ndani ya ule wekundu kulikuwa na michirizi myeupe. Alikuwa ameiona siku zote, akadhani ni mabaki ya mahindi ya watu. Alichota kidogo cheupe kwa ncha ya kidole, akatia mdomoni, akaanza kutafuna. Akatafuna muda mrefu, anatema mate, anatafuna. Mimi nilisimama nikimtazama taya.

Watoto wa Isongole walikuwa wakifukuza ndege kwenye mashamba ya ngano, na wakichoka walikuwa wanatafuna punje mbichi mpaka zinakuwa ulimbo wa kuchezea. Mahindi hayafanyi hivyo, yanayeyuka na kuisha. Ulezi vilevile. Mama alitoa kitu kinywani mwake, kidogo kama kichwa cha kiberiti, akakivuta kwa vidole. Kikavutika.

Alibaki amekishika hivyo mpaka Enesi akamwita kutoka ndani, akamwita tena.

Ilikuwa hivi: mke wa Nzowa anasaga ngano alfajiri. Ngano inabaki ndani ya mashine na kwenye ule mfuko unaotokea unga. Anayefuata anaibeba. Sisi wengine tulikula safi, kwa sababu kibaba cha Enesi kilikuwa kimetangulia kutusafishia.

Kesho yake mama alinichukua, tukaenda. Mzee Nzowa alipotuona akapaza sauti yake ileile. Wanawake wakaanza kusogea.

"Hapana," mama akasema. "Leo nitakuwa wa mwisho."

"Mgonjwa amepona?"

"Hajapona. Naomba niwe wa mwisho, mzee."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akacheka. "Wandali bwana. Ukiwapa mkono wanautazama una kucha ngapi."

Mwingine akasema, "Muacheni. Ana sababu zake. Si hata viazi vya Mama Tabu alivikataa?"

"Na mkate wa kanisani."

Mama Tabu mwenyewe alikuwepo, amekaa juu ya debe lake. Aliinua uso. "Sema tu, Mndali. Unasema mashine ya mzee inaua mtoto wako?"

Mzee Nzowa alinyoosha mkono akazima injini. Sijui kama ninyi mmewahi kusikia injini ya namna ile ikizimwa ghafla. Masikio yanabaki yanavuma. Wanawake wote walikuwa wamemtazama mama, na vijana wawili waliokuwa wakipakia magunia wakaweka chini magunia yao. Mimi nilikuwa mtoto, nilidhani tumenyamaza ili kusikilizana. Sikujua kwamba kulikuwa na mzee upande wa bondeni ambaye nyumba yake ilikuwa imechomwa kwa maneno mafupi kuliko hayo, yaliyosemwa hadharani na mama mwenye mtoto mgonjwa. Mama alikuwa anajua. Nzowa alikuwa anajua. Uso wake ulikuwa umelegea chini ya ule unga.

"Mashine ni nzuri," mama akasema. "Tumbo la mwanangu ndilo bovu. Nitasaga nyumbani kwa jiwe."

Akabeba kapu lake. Nilimfuata nikiwa na mahindi yetu ambayo hayakusagwa.

Jiwe la bibi, mama yake baba, lilikuwa limetumika kuegemeza mlango. Mama akalisugua kwa mchanga, akalichemshia maji, akapiga magoti akaanza kusaga ulezi wa Enesi. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na mkono wa mama ukichoka nilishika mimi. Tulikuwa katika kazi hiyo Mzee Nzowa alipokuja.

Hakuja peke yake. Alikuwa amekuja na watu, Mama Tabu akiwa mbele, na mzee mmoja wa kanisa, na nyuma yao watoto. Nzowa alikuwa amebeba kimfuko cheupe, kisafi, chenye unga wa ulezi. Baba akatoa vigoda. Nzowa hakuketi.

"Mwanangu," akamwambia mama, "tangu juzi watu hawaleti mahindi kwangu. Hujanitaja, nakushukuru. Lakini hujanisafisha. Huu unga nimeusaga mimi mwenyewe kwenye mashine asubuhi hii. Upike hapa, mtoto ale, watu waone."

Kila mmoja alielewa. Mtoto akila mbele ya watu, mzee ni msafi. Mtoto asipokula, basi. Enesi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, khanga imemfunika miguu, anatazama kile kimfuko.

Baba akasema taratibu, "Mama, mpe kidogo tu. Kijiko kimoja."

"Hata vumbi," mama akasema.

Akanyanyuka kutoka kwenye jiwe. Akapokea kile kimfuko kwa mikono miwili, akapiga goti, akakifungua palepale. Ulezi ulikuwa na michirizi yake. Alichota cheupe akamwekea Nzowa kiganjani.

"Tafuna, baba. Usimeze. Tafuna tu."

Mzee alimtazama, akatia kinywani. Tukasimama wote pale uani tunamtazama mzee mzima akitafuna. Kuku walipita. Mtu mmoja akakohoa. Mwishowe mama akasema, "Toa," naye akaingiza vidole akatoa kile kipande, akakivuta kidogo, kikavutika. Nilimwona usoni akielewa. Mtu aliyesaga nafaka za watu maisha yake yote hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Ya mama watoto," akasema kwa sauti ndogo. "Ya alfajiri."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nakuita mbele."

"Uliniita kwa huruma. Sina neno na wewe."

Hayo waliyasema chini chini, wao wawili. Baba aliyasikia, na mimi niliyekuwa karibu na jiwe. Lakini wale waliosimama nyuma hawakusikia. Waliona kitu kingine: Mndali amempa mzee unga, ameamuru atafune, na akatoa kinywani mwake kitu chenye kunata kama ulimbo. Niliwaona wakirudi nyuma. Mama Tabu aliweka mkono juu ya kifua chake. Mzee wa kanisa akavaa kofia yake.

Nzowa alijitahidi. Akageuka akawaambia, "Ni ngano jamani. Ni ngano ya mke wangu tu, mtoto huyu haiwezi." Hakuna aliyemsikiliza. Walikuwa wamepata jambo lililowashinda nguvu. Kuanzia siku ile ikasemwa kwamba Nzowa hana kosa, na watu wakarudisha mahindi yao kwake. Ikasemwa pia kwamba mke wa fulani, yule wa kutoka Isongole, anaweza kutoa kitu kinywani mwa mtu, na mtoto wake si wa kuguswa.

Baba alikaa nje siku hiyo. Halafu akamwuliza mama, "Umeona ulivyotufanya?"

Mama alikuwa amesharudi kwenye jiwe. "Nimeona."

"Watatuogopa."

"Afadhali wamwogope," mama akasema, hakuinua kichwa. "Sasa hakuna atakayempa kitu."

Na hakuna aliyempa. Hakuna kipande cha mkate kiganjani, hakuna kiazi cha kukaanga, hakuna andazi la kumbembeleza njiani. Wanawake walipokutana naye waliwavuta watoto wao upande mwingine. Enesi alianza kunenepa. Nywele zikarudi nyeusi, akaanza kukimbia uani mwetu, kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye migomba na kurudi, peke yake, kwa sababu hapakuwa na mtoto wa kukimbia naye. Walikuwa wanasimama ng'ambo ya ua wanamtazama. Tabu wa Mama Tabu ndiye alikuwa anapiga kelele, "Usimguse, utatoka ulimbo," na wenzake wanacheka wakikimbia.

Siku moja Enesi alikuja akaketi karibu nami na bakuli lake, lile lililooshwa kwa majivu, ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulitumia.

"Dada, kwani mimi nina nini?"

Mama alikuwa anasaga, akasimamisha mkono ili asikie nitakavyojibu.

"Huna kitu," nikamwambia. "Kula."

Akala mpaka akafuta bakuli kwa kidole.